Fanta Zimeshanywewa

Macho hayana pazia, na macho ya Uwera kwa siku tatu yalikuwa na kazi moja tu: kumtafuta Ndahiro. Yalimtafuta ukumbini kwaya zilipopanda jukwaani, yakamtafuta kwenye foleni ya chakula, yakamtafuta hata wakati wa maombi, pale ambapo mtu mwenye adabu hufumba. Na kila yalipompata, kijana yule aligeukia upande mwingine, akajifanya ana neno la haraka na mtu aliye karibu naye.

Huyo ndiye mtu ambaye kwa miaka miwili hakupitisha siku bila kumpigia simu! Uwera alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala moja kubwa kule Okolona, kusini mwa Louisville, na kengele ya mapumziko ikilia alikuwa wa kwanza kukimbilia kabati lake. Huko Buffalo, Ndahiro alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya Kenmore, naye aliiba dakika zake akiwa amejibanza karibu na mashine za kufulia. Walikuwa wameonana ana kwa ana mara nne tu, zote kwenye harusi za watu. Lakini sauti yake! Ndahiro alijaliwa mdomo wa asali. Watu walimtoa Buffalo mpaka Michigan ili awasemee kwenye sherehe zao, na wazee wenye mvi walimsikiliza huku wakitikisa vichwa. Hakuna aliyejua kwamba maneno matamu kuliko yote alikuwa akiyaweka kwa ajili ya msichana mmoja wa ghalani.

Kisha, wiki mbili kabla ya mkutano, simu ikanyamaza. Hawakugombana, hawakuagana. Kimya tu.

Sasa ilikuwa asubuhi ya mwisho ya mkutano wa vijana huko Orlando, mwezi wa Julai mwaka 2015. Mabasi madogo matatu, lenye karatasi ya Louisville, lenye ya Columbus na lenye ya Buffalo kwenye vioo vya mbele, yalikuwa yameegeshwa kando ya bwawa la majani marefu. Kabla ya kurudi makwao, vijana walikuwa wamepata kuponi za matembezi ya nusu siku: kupanda boti ya feni, kuona mamba, kupiga picha, kwisha. Ilikuwa ile ya bei ya chini kabisa. Maji ya kunywa ulijiletea, kofia ulijiletea, na kivuli hakikuwepo.

Shangazi Mukandoli, dada wa marehemu baba yake Uwera, ndiye aliyepewa kazi ya kuwachunga mabinti wa Louisville. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kitenge cha kanisani na raba nyeupe za kazini, na kwenye ndoo yake ya barafu alikuwa na galoni mbili za maziwa mgando. Alimvuta Uwera nje ya foleni.

"Uwera, ile sakoshi yako ya nguo iko wapi?"

"Iko mu basi yetu, Shangazi."

"Bon. Tukimaliza mambo ya hawa mamba, utaitoa. Utaiweka mu basi ya Columbus."

"Columbus? Ju ya nini? Kazi yangu inaanza kesho kutwa."

"Kazi watakupa ruhusa. Baba yako mukubwa Ruberwa anakutaka kwake. Jumamosi kuko wageni."

"Wageni gani?"

Shangazi alicheka kwa pua. "Weye mutoto, usijifanye mujinga. Wiki mbili zimepita, batu bamekuja Columbus kushika lango. Mimi mwenyewe nilikuwako. Fanta kreti tano! Donc, tumekunywa, tumemaliza."

"Lango ya nani, Shangazi?"

"Yako. Ya nani tena?"

Uwera alihisi jua limemshukia lote peke yake. Kushika lango si jambo la mchezo kwa watu wa milima ya Kivu, kule Kongo walikotoka wote hawa. Watu wa kijana wanakuja na msemaji wao, msemaji anaomba lango la nyumba, na wenye nyumba wakiridhika wanafungua vinywaji vilivyoletwa. Zamani ilikuwa pombe. Kwa hawa waliookoka ni Fanta. Lakini pombe au Fanta, kikishapita kooni mwa wakubwa lango limeshikwa, na mwanamume mwingine hawezi kukanyaga pale. Baba yake Uwera alikuwa amekufa. Aliyebaki na koo la kunywa kwa niaba yake ni Ruberwa.

"Ni nani?" aliuliza, na sauti yake aliisikia kwa mbali.

"Mucyo, mutoto ya muzee Ruta. Na mama yako ameshaambiwa kwa simu, amelia kwa furaha."

Kama aliyeitwa, Mucyo akatokea, amebeba kofia nne za majani, akampa Shangazi moja na Uwera moja kwa mikono miwili. "Jua ni kali, Shangazi," alisema, na hakuthubutu kumtazama Uwera zaidi ya kufumba na kufumbua. Kijana huyu alikuwa akiendesha forklifti ya kuinulia mizigo huko Columbus, alikuwa amewanunulia wazazi wake nyumba, hakunywa, hakusema ovyo. Ubaya wa Mucyo ulikuwa mmoja tu: hakuwa na ubaya. Ungemchukia kwa lipi?

Uwera alikumbuka simu ya wakati wa Pasaka. "Uwera," Mucyo alikuwa amemwambia, "nikituma bakubwa, utakasirika?" Na yeye, ambaye tangu utotoni alifundishwa kwamba binti hamwambii mwanamume "hapana" usoni, alinyamaza. Alinyamaza akiomba ukimya wake usikike kuwa ni hapana. Upande wa pili alisikia pumzi ya mtu aliyetua mzigo, kisha "Asante," kisha simu ikakatwa. Hakumwambia Ndahiro, asimtie wasiwasi bure. Loo, kunyamaza ni kukubali! Alikuwa ameusikia msemo huo maisha yake yote bila kudhani kwamba siku moja ungekuja kumchukua.

"Na ule musemaji wao!" Shangazi aliendelea Mucyo alipoondoka. "Mutoto, ningekuwa kijana ningeolewa mimi. Bazee bamefungua Fanta mbele ya kuombwa. Hata Ruberwa, na ule ugumu wake, alipangusa macho." Alipofika hapo aligeuza uso kidogo, kuelekea kundi la Buffalo, halafu akaacha. "Bon. Twende, wanatuita."

Nahodha alikuwa mzee wa kizungu mwenye ndevu nyeupe na shingo iliyoiva kwa jua. Boti haitakiwi kulala upande, kwa hiyo alimtazama kila mtu mara moja, akakisia uzito wake, akamwonyesha kwa kidole pa kukaa. Hakujua nani ni shemeji ya nani, wala nani anamkwepa nani. Nahodha alimweka Shangazi katikati ya benchi la mwisho. Upande wa kushoto alimweka Uwera, aliyekuwa mwembamba. Kisha kidole kikazunguka kikitafuta mwembamba mwingine, kikapita kwa wanene wa Columbus, kikatua kundi la Buffalo.

"You. Skinny. Back here."

Ndahiro alitazama nyuma yake kama kuna mwingine, na hakukuwa na mwingine. Alikuja akakaa upande wa kulia wa Shangazi, magoti yamebanana, macho mbele. Mucyo alipangwa kwenye boti ya pili.

Msaidizi wa nahodha alipitisha ndoo ya vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kufunika sikio zima, vyeusi, vilivyopasuka ngozi kwa jasho la watalii wa bei ya chini. Kila mtu akavaa. Nyuma yao feni iliyozidi kimo cha mtu ikaanza kuzunguka, na dunia ikawa mngurumo mtupu.

Boti haikwenda juu ya maji, ilitelezea juu ya majani. Vijana walipiga kelele ambazo hazikusikika. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Ni watu wa mlima, watu wa ng'ombe, maji yao ni yale ya kuvuka kwa mawe. Midomo ya Shangazi ilikuwa ikienda mbio, na Uwera aliutambua ni wimbo wa kuomba ulinzi. Yeye mwenyewe hakuogopa maji. Alikuwa akitazama, mbele ya kifua kipana cha Shangazi, mkono wa Ndahiro ulioshika chuma cha benchi. Aliujua ule mkono kwa picha. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kovu la kisu la tangu kambi ya wakimbizi, na alikuwa amewahi kumwahidi kwamba siku moja angelishika kovu lile. Sasa lilikuwa karibu kuliko lilivyopata kuwa, na katikati yao kulikuwa na mlima uliovaa kitenge.

Ghafla nahodha alizima. Mbele, kwenye tope, mamba mkubwa alikuwa amelala na kinywa wazi, na watu wote wakavua vizibo ili wamsikilize nahodha.

Shangazi Mukandoli hakuvua. Alikaa vilevile, mikono mapajani, macho yameganda kwa mamba.

Amepigwa bumbuazi, Uwera alifikiri. Na moyo ukamwambia: sasa au kamwe.

"Ndahiro," alinong'ona, ameinama mbele.

Ndahiro alikaza macho mbele.

"Ndahiro, niko nakuita."

"Nakusikia."

"Nilikukosea nini?"

"Haukunikosea kitu."

"Wiki mbili! Hata 'umeamkaje' moja. Ulifukuzwa kazi? Uko mugonjwa? Uko na mwingine?"

"Sina mwingine. Uwera, tafadhali. Hapa haiko mahali."

"Mu mukutano haikukuwa mahali, mu simu haikukuwa mahali. Mahali ni wapi? Unajua Shangazi ameniambia nini sasa hivi? Bamenishikia lango."

"Najua."

"Unajua? Nani alikuambia?"

Ndahiro alimtazama yule mamba.

"Hakuna mutu aliniambia," alisema. "Njo mimi niliyeishika."

Nahodha aliwasha. Watu wakavaa vizibo vyao haraka, na feni ikalizoa lile neno lililokuwa likitoka kinywani mwa Uwera, hata yeye mwenyewe asijue lilikuwa lipi. Boti ilikata kona na maji yakawarukia usoni. Vizuri, maana mtu aliyelowa uso haulizwi analia nini.

Ni yeye? Yeye aliyewaliza wazee? Uwera alimgeukia na kumuuliza kwa macho, kwa mikono, kwa mabega. Ndahiro alitikisa kichwa tu. Mwanamume aliyeishi kwa ulimi wake, na hapa ulimi haukumfaa kitu.

Waliposimama mara ya pili palikuwa na mamba wawili wadogo juu ya gogo, na kundi likaanza kupiga picha. Shangazi bado alikuwa na vizibo vyake. Safari hii Ndahiro alianza mwenyewe, kwa haraka, kama aliyejua kwamba mashine haitamngoja.

"Ile siku nilienda Columbus ju yako. Unanisikia? Ju yako weye. Mimi sina bakubwa, Uwera. Unajua. Baba, baba wadogo, bote walibaki kule. Mutu hawezi kujiombea lango mwenyewe. Nimesemea watu makumi, na mimi sina wa kunisemea. Nikasema, nitaenda kwa muzee Ruta, baba ya Mucyo. Bale ndio walinilea kambini. Nitapiga magoti, nimwambie: muzee, nisemee kwa watu ya Uwera."

"Kisha?"

"Kisha nikafika, nikakuta nyumba imejaa makoti. Muzee Ruta akanikumbatia mulangoni. 'Mungu amekuleta! Zenoni musemaji wetu amepanda presha, yuko hospitali, na saa nane batu banatungoja. Vaa tai, mutoto. Ndugu yako anashika lango.' Ningesema nini? Nikavaa. Njia yote nilikuwa nafikiri, yangu itangoja jioni. Nianze kubafurahisha, kisha na bo banifurahishe."

"Na haukuuliza ni lango ya nani?"

"Nani anauliza? Walisema twende kwa Ruberwa. Ruberwa iko na mabinti wawili mu nyumba. Nikajua ni mumoja wa bale. Mwenye nyumba hataji jina mpaka amekubali, unajua vile tunafanya."

Ndivyo wanavyofanya kweli. Uwera hakuwa na la kupinga. Na Columbus, ole wake, iko katikati. Ukitoka Buffalo kwenda Louisville, au Louisville kwenda Buffalo, lazima upite hapo.

"Nilisema vizuri, Uwera," Ndahiro aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka bila aibu. "Sijapata kusema vile. Nilisema juu ya binti mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe mwenye wazimu. Nilisema, hata theluji ya Buffalo ingeyeyuka akicheka. Unajua hayo maneno yalitoka wapi? Nilikuwa nakuwaza weye. Kila neno nililosema ile siku lilikuwa yako. Njo maana walilia."

"Kisha baba mukubwa akataja jina."

"Baada ya kufungua chupa. Akasimama, akasema, 'Tumekubali. Binti ni Uwera, mutoto ya marehemu Gakunzi, iko Louisville.'"

"Na weye ukafanya nini?"

"Nilikuwa na Fanta mu mukono."

"Ndahiro, ukafanya nini?"

Alifunika uso kwa kofia. "Nikakunywa," alisema.

Feni ikanguruma. Uwera hakuvaa vizibo vyake. Aliiacha kelele ile imwingie mpaka kwenye meno. Afadhali hiyo kuliko alichokuwa amekisikia. Hasira ilimpanda, akataka kumpiga kofi mbele ya nahodha na mamba wote wa Florida. Kisha akaona mabega yale membamba yakitetemeka, na hasira ikamtoka, ikabaki huruma, na huruma ilimuuma zaidi. Alimpenda. Mungu amsamehe, wakati ule alimpenda kuliko siku zote.

Boti ya pili ikawapita kwa mbali, ikitimua maji. Mtu mmoja alisimama ndani yake, akainua kofia ya majani na kuipunga kwa mikono yote miwili. Alikuwa Mucyo. Nahodha wake alimvuta shati akaketi, na hata akiwa ameketi aliendelea kupunga. Ndahiro aliinua mkono wenye kovu, akampungia.

Kituo cha tatu kilikuwa cha mwisho, na kwa bei waliyolipa hapakuwa na mamba tena. Nahodha alizima tu ili injini ipumue.

"Rudisha," Uwera alisema. "Kwa mudomo ule ule uliyoniomba, nikomboe."

"Lango hairudishwi na ule aliyeishika. Watasema nilitumwa kuleta ng'ombe nikamufunga kwangu. Na Mucyo? Mama yake alikuwa anagawa ugali mara tatu, ya Mucyo, ya dada yake, na yangu. Zote sawasawa. Siku ingine ya Mucyo ilikuwa ndogo. Nimwambie nini?"

"Mwambie kweli. Atalia, atapona."

"Na baba yake? Na watu ya Ruberwa? Nyumba mbili zitaachana ju ya mimi, mutu bila nyumba."

"Basi mimi nitakufa mu nyumba ya mutu muzuri." Uwera alipangusa pua kwa ukingo wa mkono, kama mtoto. "Sikia. Huyu Shangazi ni dada ya baba. Ruberwa anamuogopa. Tukishuka, mwambie. Yeye peke yake. Mbele sijapanda ile basi ya Columbus."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Sema. Njo kitu kimoja unajua kufanya."

Ndahiro aligeuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yao yalikutana na yakakaa. "Nitasema," alisema. Katikati yao Shangazi Mukandoli alikuwa akitazama maji, vizibo masikioni, na alipiga chafya moja.

Waliporudi gatini, msaidizi alikuwa akiwangoja na mamba mchanga wa picha, mdomo wake umefungwa kwa utepe wa plastiki. Kila kundi lilimshika kwa zamu. Shangazi alivua vizibo, akavitupa ndooni, akamtazama yule mnyama kwa dharau. "Haina maziwa, haina pembe. Banafuga ya nini?" Watu wakacheka. Uwera hakucheka. Alisimama kando ya mabasi, mkono kwenye sakoshi yake, akimtazama Ndahiro.

Na Ndahiro alikwenda! Alimwona akikaza mkanda, akimkaribia Shangazi, akivua kofia.

"Shangazi."

"Eeh, mutoto yangu."

"Niko na neno. Nilitaka..."

"Nasikia."

Mkono mkubwa ukatua begani mwake. Mucyo alikuwa amefika, anahema, na mamba mchanga mikononi. "Musemaji! Shika, tupige picha. Shangazi, amekuambia? Zenoni bado mugonjwa. Baba anasema Jumamosi ni huyu tena. Mudomo yake njo yenye bahati!" Akamwekea mamba mikononi, akamkumbatia shingoni, na vijana wa mabasi yote matatu wakasogea na simu zao. "Sema kitu, Ndahiro! Sema!"

Wote wakangoja. Walikuwa wamezoea kwamba akifungua kinywa hutoka kitu cha kukumbuka. Ndahiro alimtazama Mucyo, akamtazama Shangazi, akamtazama yule mnyama aliyefungwa mdomo.

"Nilitaka kusema," alianza, akakohoa. "Nilitaka kusema, safari njema kwenu wote."

Wakapiga makofi. Walidhani ni uchovu wa jua.

Basi la Buffalo liliondoka kwanza kwa sababu njia yake ndiyo ndefu. Ndahiro alipanda bila kugeuka, na Uwera hakumlaumu. Naye asingeweza kugeuka. Aliingia kwenye basi la Columbus, akakaa dirishani. Hakukuwa na la kufanya. Angekimbia aende wapi, kwenye majani yale?

Shangazi alikuja kugonga kioo. Uwera akakifungua, na akapitishiwa galoni moja ya maziwa iliyofungwa kwa taulo.

"Kunywa njiani. Usifike kwa watu na midomo mikavu."

"Asante, Shangazi."

Shangazi hakuondoka. Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Zile vitu za masikio," alisema, "hazizibe kitu."

Uwera alihisi maziwa yakimlemea mapajani.

"Ulisikia?"

"Yote. Kutoka ile ya kwanza."

"Basi sema, Shangazi! Mwambie baba mukubwa. Weye anakusikia."

"Nimwambie nini, mutoto yangu?" Macho ya Shangazi yalikuwa mekundu. "Nilikuwa mu ile nyumba. Nilisikia kijana anakuomba mpaka roho yangu ikaruka, na mimi nikakunywa. Fanta mbili. Ya machungwa na ya zabibu. Nitazitapika? Bakubwa bamekunywa, mimi nimekunywa, marehemu baba yako amekunywewa. Hakuna mutu amebaki na koo safi." Alipapasa mkono wa Uwera dirishani, akaubana. "Nilibaki nimezifunga mu masikio ili muongee. Njo hiyo tu niliweza kukupa. Hiyo, na maziwa."

Dereva aliwasha. Shangazi akaachia mkono, akarudi kwenye basi lake la Louisville akitembea kwa shida, na raba zake nyeupe zilikuwa zimejaa tope.

Mucyo alipanda wa mwisho. Kiti kilichobaki kilikuwa cha pembeni mwa Uwera. Alikaa taratibu, akaacha nafasi ya mtu mzima katikati yao, kama mwanamume aliyelelewa vizuri. Walikwenda mpaka bwawa likapotea na barabara kuu ikaanza.

"Uwera," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Sikupata kukuuliza uso kwa uso. Uko na furaha kidogo?"

Uwera alifungua kinywa. Lile neno lilikuwepo, fupi, limekaa juu ya ulimi, na lilikuwa limekaa hapo tangu Pasaka. Mbele yake Mucyo alikuwa akingoja, ameinama, akikunja na kukunjua ukingo wa kofia ya majani. Maziwa yalikuwa ya baridi mapajani. Aliangusha macho, akanyamaza.

Mucyo akatabasamu, akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. "Asante," alisema.